Daraja la Jangwani: nani anapita juu, nani anapita chini

Ukitaka kuiona Dar es Salaam yote ndani ya dakika tano, kasimame Jangwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale Barabara ya Morogoro inapovuka Mto Msimbazi kati ya Magomeni na Fire. Katikati yanapita mabasi ya mwendokasi, abiria wamebanana hadi mashavu yamegusa vioo. Kushoto na kulia kwake ni magari madogo, malori na bodaboda. Pembeni kabisa kuna njia ya baiskeli, na humo baiskeli ni chache kuliko watu: wanafunzi, kina mama wenye beseni kichwani, fundi na mfuko wake wa vifaa, msukuma mkokoteni anayeomba njia kwa mluzi.

Wote wamekutana hapo kwa sababu hakuna pengine pa karibu pa kupita. Barabara ya kawaida ikiziba, mtu wa Dar ana ujanja wake. Atakata kona mapema, atapenya mtaani, atatokea mbele. Darajani hakuna kichochoro. Gari moja likizima, wote nyuma yake wamezima. Ndiyo maana kila tunapozungumzia foleni au mafuriko ya Jangwani, mtu husema "wajenge daraja kubwa", na wote tunaitikia. Mimi nimejifunza kuuliza swali la pili: kubwa upande gani? Maana daraja linaweza kuwa refu zaidi, pana zaidi, juu zaidi au zito zaidi, na kila moja linamnufaisha mtu tofauti. Mengine yanamuumiza mwingine.

Nianze na anayepita chini, kwa kuwa ndiye tunayemsahau.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na unasafiri kilomita zipatazo 35 hadi kuingia Bahari ya Hindi pale Salenda. Njiani unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, na unapokea maji ya mito midogo ya Ubungo, Sinza na Luhanga. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya maji yanayodondoka juu ya mabati ya magharibi mwa jiji lazima yapite Jangwani. Bonde hili limeingia hata kwenye utani wa jadi: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni watu wa Jangwani. Nusu ya mji inashangilia jina la mto na nusu nyingine inashangilia bonde lake, lakini mvua ikinyesha wote wanakwama Magomeni.

Mto wa namna hii una makazi mawili. Kuna mkondo wa kila siku, ule mwembamba wa maji meusi unaouona ukichungulia kwenye kingo wakati wa kiangazi. Na kuna bonde lote, ambalo ni nyumba yake ya masika na ya vuli. Bonde hilo lina upana wa mamia ya mita na ni tambarare kama mkeka. Linaonekana tupu miezi minane ya mwaka, kisha mwenyewe anarudi.

Sasa, mtu anayetaka kupitisha barabara kwenye bonde tambarare ana njia mbili. Ya kwanza, yenye gharama, ni kujenga daraja refu juu ya nguzo, kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine. Ya pili, ya bei nafuu, ni kumwaga kifusi na kujenga tuta, barabara ikapita juu ya tuta, halafu ukaacha uwazi mdogo juu ya ule mkondo mwembamba tu. Jangwani ilijengwa kwa njia ya pili. Uwazi ulipimwa kwa mkondo wa kila siku, na nyumba ya masika ikazibwa kwa tuta.

Ukiwahi kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa baada ya mechi ya watani, na mageti mengine yamefungwa, unajua kinachofuata. Watu hawapungui kwa sababu geti ni dogo. Wanarundikana nyuma yake, na wale walio getini penyewe wanatoka wakikimbia, wakisukumwa. Maji yanafanya vivyo hivyo. Upande wa juu wa tuta, kuelekea Kigogo, yanajaa na kupanda hadi kwenye nyumba. Kwenye uwazi wa daraja yanakimbia kwa nguvu, na maji yanayokimbia hubeba udongo, hivyo yanachimba chini ya miguu ya nguzo. Mafuriko na nguzo kuchimbika ni ugonjwa mmoja, na dawa yake ni uwazi mkubwa.

Jangwani imeongezewa matatizo mawili juu ya hilo. La kwanza ni mchanga. Kila mvua inayonyesha kwenye viwanja vipya vya Pugu na Kinyerezi inaondoka na udongo, nao ukifika mahali ambapo mto unapoteza kasi, yaani Jangwani, unatua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na nafasi ya kupita maji chini ya daraja inapungua bila mtu kuligusa daraja lenyewe. Ndiyo maana tumezoea kuona mitambo ikichota mchanga pale, ikirundika pembeni, na msimu ukifika kazi inaanza upya. Taka zetu zinajazia palipobaki.

La pili ni bahari. Kutoka Jangwani hadi Salenda si mbali, na bonde halina kimo cha kutosha. Wavuvi na wote waliokulia pwani wanajua tofauti ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo, na bamvua, inapojaa sana. Bahari ikiwa bamvua na imejaa, maji ya mto yanafika mlangoni na kukuta mlango umesukumwa kutoka nje. Mvua ileile, ya saa zilezile, inaweza kupita salama siku ya maji mafu na kufunga barabara siku ya bamvua.

Desemba 2011 jiji lililipa gharama ya hesabu hizi zote kwa pamoja. Watu zaidi ya 40 walifariki katika mafuriko yale, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Mafuriko makubwa yalirudi 2014, yakarudi 2018, na barabara ikaendelea kufungwa mara kwa mara baada ya hapo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, sehemu yanapolala na kutengenezwa, ilijengwa humo humo bondeni. Maji yaliingia zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Siku Jangwani ikifungwa, usafiri wa mwendokasi kutoka Kimara unaishia Magomeni, na mtu wa Kariakoo anaanza kuhesabu nauli ya bodaboda ya kuzungukia Kigogo au Salenda.

Wapo wanaosema polisi wanafunga barabara mapema mno, maji yakiwa bado ya magotini. Nawasihi wafikirie uzito. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuliinua gari dogo likaelea, kwa sababu gari ni boksi lenye hewa ndani. Yakifika sentimita 60, magari mengi yanaondoka nayo. Dereva haoni kina, anaona uso wa maji tu, na chini ya uso ule ukingo wa barabara unaweza kuwa umeshakatika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho Jangwani ilihitaji kilikuwa urefu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, pamoja na michango ya Hispania na Uholanzi. Ndani yake kuna kulipa fidia na kuondoa nyumba zilizo bondeni, kuupanua mto, kutengeneza bustani ya jiji mahali ambapo maji yanaruhusiwa kujaa, na daraja jipya la Jangwani. Mkataba wa ujenzi wa daraja ulisainiwa 2024. Urefu wake ni mita 390.

Namba hiyo inawashangaza wengi. Mita 390 kwa mkondo unaoonekana mwembamba vile? Lakini mita hizo hazikuwekwa kwa ajili yetu. Barabara haifiki Kariakoo mapema kwa sababu daraja ni refu. Mita 390 ni nyumba ya masika ikirudishiwa mwenyewe. Tuta linaondoka, nguzo zinakaa mahali pake, na maji yanapita katikati yake yakiwa yametanda, bila haraka. Daraja la Kigamboni lina urefu wa mita 680 na Daraja la Tanzanite lina mita 1,030, hakuna anayeuliza kwa nini, kwa kuwa chini yake kuna maji mwaka mzima. Tofauti ya Jangwani ni kwamba maji yake yana msimu.

Urefu basi ni wa mto. Upana ndio wetu, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Miji mingi duniani ina tramu, yaani treni ndogo ya mjini inayopita kwenye reli zilizofukiwa barabarani. Sisi tuna mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 21 hivi. Kwa macho ya mjenzi wa daraja, tramu na mwendokasi ni mtu na mdogo wake: vyote vinabeba watu wengi, vyote vinataka njia isiyoingiliwa, na vyote vikikuta gari limezima mbele haviwezi kuchepuka kirahisi. Kwa hiyo tunaweza kujifunza kwa wenzetu bila kuwa na tramu.

Daraja la Erasmus la Rotterdam, Uholanzi, lilifunguliwa 1996. Lina mita 802, na linabeba tramu, magari, baiskeli na waenda kwa miguu kwa pamoja. Tramu ziko katikati, magari pande zake, kisha baiskeli, na watu wa miguu ukingoni. Ni mpangilio uleule wa Barabara ya Morogoro. Haukuja kwa bahati. Kanuni yake ni kwamba kila mtu anawekwa jirani na yule ambaye kasi yake haipishani naye sana. Anayetembea kilomita 5 kwa saa anaweza kukaa jirani na baiskeli ya kilomita 15, wakigongana wataomba radhi. Baiskeli jirani na gari la kilomita 50 ni jambo lingine kabisa, hapo rangi nyeupe barabarani haitoshi, lazima kuwe na ukingo wa zege.

Kanuni hiyo ilitungwa mahali ambapo hakuna bodaboda, na kwetu ndipo inapokwama. Pikipiki ina wembamba wa baiskeli na kasi ya gari. Foleni ikiwepo inaingia njia ya baiskeli, foleni ikiisha inarudi barabarani, na siku nyingine inajipenyeza njia ya mwendokasi. Kumlaumu dereva wa bodaboda ni rahisi. Kazi ngumu ni kukubali kwamba hatujampa mahali pake, na kwamba kwenye daraja atajitafutia. Kama njia ya waenda kwa miguu imetenganishwa kwa ukingo mrefu wa kutosha, pikipiki haipandi. Kama ukingo ni mfupi kama kiganja, inapanda, na mama mwenye beseni ndiye anayesogea.

Tuje kwenye hesabu ya nani apewe mita ngapi. Umoja wa maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, umewahi kutoa makadirio yanayosaidia sana. Njia moja ya magari binafsi inapitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Upana uleule ukiwa njia maalumu ya mabasi unapitisha kati ya 4,000 na 8,000. Ukiwa njia ya miguu, unaweza kupitisha 9,000. Zisome tena namba hizo ukifikiria Jangwani. Njia ya miguu, ambayo huwa ya mwisho kuchorwa na ya kwanza kupunguzwa fedha zikipungua, ndiyo inayoongoza.

"Lakini njia ya mwendokasi iko tupu!" Sentensi hiyo nimeisikia kwenye magari ya watu wengi ninaowapenda, tukiwa tumekwama foleni, na ile njia imelala pembeni yetu kama kiwanja. Tuhesabu. Basi refu la mita 18 likienda kilomita 40 kwa saa linapita mbele ya pua yako kwa muda usiofika sekunde mbili. Hata kama basi linakuja kila dakika moja, sekunde 58 zilizobaki njia itaonekana tupu. Katika dakika hiyo basi moja limepitisha watu karibu 150. Njia ya magari haionekani tupu kwa sababu haisogei. Ukweli ni kwamba mabasi yetu mara nyingi hayaji kila dakika, na abiria wa Kimara wana haki kabisa ya kulalamika. Ila hiyo ni shida ya idadi ya mabasi, na dawa yake ni mabasi. Kuwapa wengine njia yao hakuongezi hata kiti kimoja.

Wapo waliofika mbali zaidi. Mji wa Portland, Marekani, ulifungua 2015 daraja la Tilikum Crossing juu ya Mto Willamette. Linapitisha treni nyepesi, tramu, mabasi, baiskeli na watu wa miguu, na magari binafsi hayaruhusiwi. Sidhani kama Jangwani inaweza kuiga hilo. Barabara ya Morogoro ndiyo njia ya kwenda bara, na Portland wana madaraja mengine kadhaa jirani. Lakini mfano ule unatuonyesha utaratibu wa kufikiri: walianza na watu wengi, wakamalizia na magari. Sisi huanza na magari, tukahesabu njia ngapi kila upande, halafu kinachobaki ukingoni tunakiita njia ya waenda kwa miguu.

Kuna jambo moja kuhusu uzito ambalo ningependa kila mtu alijue, maana linapindua mazoea. Tunaamini magari ndiyo mzigo mkubwa wa daraja, na watu ni mzigo mdogo. Kwa barabara yenyewe hilo ni kweli. Majaribio yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli, yaani mhimili wa matairi, ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara unaongezeka takribani mara 16. Ndiyo sababu njia ya mwendokasi ilijengwa kwa zege na si lami. Lami ingelainika na kubonyea kama unga wa chapati pale mabasi yanaposimama kila siku sehemu ileile.

Kwa daraja hesabu ni nyingine. Gari dogo la tani moja na nusu linakalia mita za mraba nane hivi, hata bila kuhesabu nafasi ya mbele na nyuma. Ni chini ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Sasa wachukue watu waliosimama wamebanana. Mita moja ya mraba inaingiza watu sita au saba, na wahandisi hupima umati kwa takribani kilo 500 kwa mita ya mraba. Umati ni mzito kuliko foleni ya magari madogo. Tarehe 24 Mei 1987, daraja la Golden Gate la San Francisco lilipotimiza miaka 50, lilifungwa kwa magari na watu wapatao 300,000 wakajaa juu yake. Mgongo wa daraja, ambao kwa kawaida umeinuka katikati, ulilala ukawa sawa. Halikuvunjika, lilikuwa na nguvu za kutosha, lakini walioliangalia kwa mbali waliona limebadilika umbo.

Umati pia una mwendo. London walifungua daraja la watu wa miguu, Millennium Bridge, Juni 2000, na baada ya siku mbili tu wakalifunga. Lilikuwa linayumba kushoto na kulia. Watu walipohisi kuyumba kidogo walijishikilia kwa kukanyaga pamoja na daraja, na kukanyaga kwao kukaongeza kuyumba. Lilifunguliwa tena 2002, baada ya kufungwa vifaa vya kutuliza mtikisiko.

Haya si mambo ya ng'ambo tu. Makao ya Yanga yako Jangwani. Siku kombe linapoletwa nyumbani, watu hawatembei darajani, wanacheza, kwa ngoma moja na mdundo mmoja. Ile njia ya miguu ukingoni, ambayo mtu anaweza kudhani inahitaji zege jembamba kwa kuwa ni ya watembea kwa miguu tu, siku hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko yote.

Niliwahi kuongozana na kijana mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa viazi kutoka Kariakoo kwenda Magomeni. Nilimpokea upande mmoja, naye akanipokea kwa mazungumzo. Tulipoanza kupandisha upande wa Magomeni Mapipa nikamwambia, mdogo wangu, hapa mbona ni tambarare tu. Akacheka huku akihema. "Bro, mlima huu hauonekani kwa macho. Unaonekana kifuani."

Nimelikumbuka neno lake kila ninaposoma habari za kuinua daraja. Kuliinua ni lazima, maji yapite chini na mchanga upate pa kukaa. Lakini kila mita unayoinua barabara, kuna mtu atakayeipanda. Chukua mkokoteni wa kilo 300. Kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, msukumaji anapambana na nguvu ya ziada sawa na kilo 15, kama kuishikilia ndoo ya maji juu bila kuishusha, mwanzo wa mlima hadi mwisho. Ukilaza mwinuko uwe mita 3 kwa kila 100, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 9. Gharama yake ni urefu: kupanda mita 5 kwa mwinuko wa kwanza kunahitaji mita 100 za barabara ya kupandia, na kwa mwinuko wa pili kunahitaji kama mita 167. Dereva wa gari hatajua tofauti. Kwa mwenye baiskeli yenye tenga la nyanya nyuma, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapanda akiwa juu ya baiskeli au atashuka na kuikokota. Akishuka anachukua upana mara mbili, na waliokuwa nyuma yake wanaingia barabarani. Umeona jinsi mwinuko unavyokula upana.

Vitu vidogo navyo vina nafasi yake. Zege hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, hivyo daraja refu halijengwi kipande kimoja, linaachiwa nyufa za makusudi zenye chuma juu yake. Tairi la gari linapita pale kwa mlio mmoja tu, tap-tap. Tairi jembamba la baiskeli linaweza kunaswa kama ufa umelala kuelekea mwendo. Miji ya tramu inalijua tatizo hili vizuri, maana mfereji wa reli ni mtego wa tairi: wanafundisha waendesha baiskeli kuukata mfereji huo kwa kuukingama, si kwa kuufuata. Kwetu reli hakuna, lakini kuna vyuma vya kufunika mitaro ya maji ya mvua. Vikiwekwa mistari yake ikielekea mbele, tairi linazama. Vikiwekwa kukingama, linapita. Ni chuma kilekile na bei ileile, kilichogeuzwa tu. Na kama kinaweza kung'olewa kwa mkono, kitang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, hivyo kifungwe kwa namna ambayo hakitoki.

Halafu kuna vichwa vya daraja, pande zote mbili, ambako nadhani watu wengi zaidi wataumia kuliko katikati. Daraja refu lililonyooka linampa dereva njia nyeupe, na mguu unalala kwenye mafuta. Anapofika mwisho anakutana na watu wanaovuka, kwa kuwa vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara na abiria wote lazima wakate njia za magari kuvifikia. Wapo wanaopendekeza daraja la juu la waenda kwa miguu. Tunalijua, Manzese Darajani ni jina la mahali kwa sababu hiyohiyo. Lakini mtu aliyekwisha kupanda mlima wa daraja la mto asiambiwe apande ngazi za mita tano nyingine ili afike kituoni, tena akiwa na mtoto mgongoni. Zebra iliyoinuliwa, yenye taa, inayomlazimisha mwenye injini apunguze mwendo, inafaa zaidi. Mwenye injini akisimama sekunde 20 hapotezi nguvu yake mwilini.

Yule kijana wa viazi tulipofika juu, karibu na Mapipa, alifanya kitu ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote bila kukiona. Aliinama ukingoni mwa mtaro, akaokota jiwe la ukubwa wa boga dogo, akalisukuma nyuma ya gurudumu kwa mguu, akauachia mkokoteni na kujifuta jasho. Nikamuuliza kama jiwe ni lake. Akasema ni la wote, huwa linakaa pale, kila anayefika analitumia na kulirudisha. Upande mmoja lilikuwa limelika, laini, kwa matairi.